Gati lako, mshipi wake: ufunge, mpeane zamu, au uipeleke boti kwenye boya?

Nilipolegeza skrubu ya chini ya gia ya injini ya boti yangu, oili iliyoshuka ilikuwa nyeupe kama chai iliyozidi maziwa. Fundi hakuuliza kitu. Alivua pangaboi, akachukua kisu chembamba, akaanza kuchomoa nyuzi za mshipi wa kuvulia zilizojisokota kwenye shafti mpaka zikaila sili. Zote pamoja zilijaa kiganja kimoja. Uzi huo ndio uliofungulia maji ya chumvi njia ya kuingia kwenye gia, na mimi nikakaa pwani siku nne, wageni wangu wakibebwa na wenzangu.

Uzi ulitoka kwa mtu aliyekuwa akivua kando ya gati ninalofunga boti, hapa Lamu, ng'ambo ya Shela, upande wa kisiwa cha Manda. Nilikasirika sana. Lakini mimi pia nimekuzwa na mshipi. Mjomba alinifundisha kufunga ndoana kabla sijajua kuandika jina langu, na changu tuliofuturia nyumbani wengi walitoka kwenye kivuli cha gati la mtu. Ugomvi huu naujua kutoka pande zote mbili, na kila upande una haki ambayo mwenzake hapendi kuisikia.

Kila mwenye gati (jeti, kama wengi wetu tunavyosema) hufika siku ya kuamua: afunge kabisa, apeane zamu na wavuvi, au aitoe boti akaifunge kwenye boya nje. Nimefanya kazi chini ya mipango yote mitatu. Nailinganisha hapa kwa ajili ya mwenye gati, au msimamizi wa nyumba yenye gati, ambaye ameshachoka kuitwa usiku kuamua kesi.

Kwa nini wote wanapataka pale pale

Nguzo ikikaa baharini mwaka mmoja haiwi nguzo tena. Hushikwa na chaza na magugu, vijisamaki vikaja kula na kujificha, na kivuli cha mbao kikawapa changu na chewa mahali pa kuvizia. Usiku taa ikiwaka, dagaa na ngisi huja kwenye mwanga, kisha kolekole huwafuata. Kwa mvuvi asiye na mtumbwi, gati ndilo linalomfikisha kwenye kina kwa miguu yake. Mwenye boti naye amejenga hapo kwa sababu hiyo hiyo ya kina. Wala si Lamu peke yetu: Marekani, kwenye maziwa yaliyozungukwa na magati ya nyumba, wavuvi hurusha ndoana chini ya mbao kumtafuta samaki wao wa besi apendaye kivuli, na wenye boti hulalamika maneno haya haya tunayolalamika sisi.

Lakini ugomvi hauji kila siku, na hili nilichelewa kuliona. Maji yetu hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri ya mwisho kuelekea magharibi, na hujaa tena alfajiri. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita tatu na zaidi. Yakiwa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa katikati ya asubuhi, tena kwa unyonge. Sasa tazama. Wageni wanataka kutoka saa kumi, kumi na moja jioni, walione jua likizama. Mvuvi wa mshipi anataka zile saa mbili za mwisho za maji kujaa, samaki wanapopanda kula. Wakati wa bamvua saa hizo ni zile zile. Wakati wa maji mafu hawakutani kabisa. Msimu mmoja wa kaskazi niliandika kwenye daftari kila siku tuliyogombana gatini, na karibu zote ziliangukia bamvua.

Kwa hiyo mpango wowote utakaouchagua upime kwa jioni ya bamvua. Siku nyingine kila mpango huonekana mzuri.

Nani ana haki ya nini

Hapa maneno mengi hupotea bure, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma, na sakafu ya bahari vilevile. Hati yako ya nyumba haiyamezi maji yaliyo mbele ya nyumba. Mbao na nguzo za gati ulilojenga kwa kibali ni mali yako, na unaweza kumwambia mtu asisimame juu yake. Huwezi kumwambia aliye ndani ya mtumbwi kwamba bahari iliyo pembeni mwa gati ni yako, wala huwezi kuteremsha ua mpaka majini ukawakatia njia wapitao ufuoni.

Mvuvi naye asijidanganye. Haki ya kuvua haimpi ruhusa ya kufunga kamba yake kwenye boti ya mtu, kukwaruza rangi kwa chubwi (kizito cha kuzamishia uzi), au kuacha ndoana kwenye amari, yaani kamba ya kufungia boti, ambayo kesho baharia ataishika kwa mkono mtupu. Na kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zinatubana sote: kila chombo kiende kwa mwendo salama, na chombo kinachovua kisizuie kinachopita kwenye mkondo mwembamba. Boti inayoingia gatini kwa kasi na kujaza mtumbwi wa mtu maji ina kosa, hata kama gati ni la mwenye boti.

Kufunga kabisa

Geti, kufuli, mlinzi na kibao cha "Hakuna kuvua". Huu ndio uamuzi wa kwanza wa watu wengi, na sitaudharau, kwa sababu hofu iliyo nyuma yake naijua. Oktoba 2011 mgeni wa Kifaransa alitekwa nyara usiku kutoka nyumba ya ufuoni hapo hapo Manda. Tangu siku zile mtu asiyejulikana akikaa gatini saa tano ya usiku, hata akiwa na ndoana na ndoo tu, mlinzi hawezi kulala. Kuvua usiku kwenyewe kulipigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama. Mwenye nyumba anayefunga gati usiku hana roho mbaya.

Kufunga kuna faida nyingine mbili. Kwanza, mafuta: kama petroli ya boti inamiminwa hapo gatini kwa madumu, hutaki mtu mwenye sigara wala taa ya moto karibu. Pili, miguu ya watu. Mwaka juzi mtoto wa mgeni alikanyaga ndoana iliyoachwa kati ya mbao mbili. Ilikuwa ndogo, namba 8, yenye kipande cha ngisi kilichokauka. Ilimwingia kisiginoni hadi kwenye ule ulimi wake, kijicha cha nyuma kinachoizuia isichomoke, na mtu aliyewahi kuchomoa ndoana anajua kwamba huivuti ilikoingilia. Unaisukuma mbele itokeze, unaukata ulimi kwa koleo, ndipo unairudisha nyuma. Mama yake alishika kichwa chake, mimi nikashika mguu. Sauti ile bado naisikia.

Lakini sikiliza kinachofuata baada ya geti. Mvuvi haondoki. Anakopa mtumbwi, anatia nanga mita tano kutoka gatini, kwenye maji ambayo huwezi kuyafunga, na sasa mshipi wake umelala katikati ya njia yako ya kuingilia. Usiku hana taa. Mtu uliyekuwa ukimwona amekaa juu ya mbao zako umemgeuza kivuli majini mbele ya pangaboi lako. Uzi ulioharibu gia yangu, nilipofuatilia, ulikatwa siku ambazo gati letu lilikuwa na geti, na aliyeukata alikuwa ndani ya mtumbwi.

Tena fikiri ni nani unayemfukuza. Juya (wavu wa kukokota ufuoni) na bunduki za samaki zimepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001 kwa uharibifu wake. Mshipi na ndoana moja haviharibu kitu, na mara nyingi anayevitumia ni mzee asiyeweza tena kwenda mbali au kijana asiye na chombo. Wavuvi wa Lamu wameshapunguziwa bahari upande wa bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi ule. Mtu wa namna hiyo akikuta kufuli mahali alipokaa baba yake, usitarajie akuite usiku wa kusi atakapoiona amari yako imekatika. Kwetu hapa, kuitwa huko ndiko bima yetu.

Nilimsikia mlinzi kijana akimwambia mzee mmoja, kwa adabu kabisa, "Ami, hapa hapavuliwi tena." Mzee akakunja mshipi wake taratibu kwenye kipande cha mti. "Sawa, mwanangu. Lakini hapa nalivua kabla gati hili halijawa mti msituni." Hakugomba. Alikwenda zake, na wiki ile yote hakuna mtu wa ufuoni aliyemwamkia yule kijana.

Kuipeleka boti kwenye boya

Njia hii huondoa ugomvi kwa kuondoa kinachogombaniwa: boti hukaa nje kwenye boya, gati likabaki la kupandia na kushukia. Boti haikwaruzwi, mshipi haufiki kwenye pangaboi, na mvuvi anabaki na kivuli chake. Kwa boti ya matembezi inayotumika mara mbili kwa wiki, nadhani ndiyo njia bora kabisa.

Gharama yake iko chini ya maji, ndiyo maana watu huisahau. Unahitaji jiwe zito la zege, mnyororo, kizungusho ili mnyororo usijisokote boti inapogeuka na mkondo, na kamba ya urefu unaofaa. Mimi nilikosea hapo. Nilipima kamba siku ya maji mafu, nikaikata ikae vizuri. Bamvua ilipokuja maji yalipanda kuliko kamba, nikaikuta boti imeinamishwa pua chini kama mbuzi aliyefungwa mfupi. Ukiirefusha sana nayo, maji yakipwa itazunguka duara kubwa na kugonga ya jirani. Pima kwa maji makubwa ya bamvua, kisha tembea na duara hilo machoni maji yakiwa yamepwa uone itafika wapi.

Kagua mnyororo kabla ya kusi, kwa kuzama mwenyewe au kumlipa mzamiaji. Pingu ya mnyororo iliyoliwa na kutu haikupi taarifa. Uliza Mamlaka ya Bahari ya Kenya na kamati ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya ufuo wako kabla ya kuangusha jiwe, usije ukaliweka kwenye njia ya vyombo au mahali ambapo watu hutega majarife, nyavu zao kubwa. Na ujue kwamba utahitaji mtumbwi wa kufikia boti, kila siku, hata mvua ikinyesha. Kwa anayebeba abiria mara sita kwa siku, hilo peke yake linaiua njia hii. Injini iliyolala nje peke yake usiku nayo inahitaji kufuli ya maana.

Kupeana zamu

Hii ndiyo tuliyo nayo sasa, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo inayoharibika haraka ikifanywa vibaya.

Jaribio letu la kwanza lilikufa ndani ya majuma mawili. Msimamizi wa nyumba aliandika: wavuvi saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, boti muda uliobaki. Ilionekana haki. Lakini bahari haiendi kwa saa ya ukutani. Juma la kwanza saa hizo zilikuwa na maji mazuri. Juma la pili wavuvi walikuwa wamepewa matope na kaa. Wakaanza kuja jioni kama zamani, na kibao kikawa sababu nyingine ya kugombana.

Zamu inayodumu hufuata maji. Sisi tulikubaliana hivi: siku zote gati liko wazi kwa mshipi kuanzia alfajiri hadi isha, isipokuwa nusu saa kabla ya boti kutoka na robo saa inaporudi. Jioni za bamvua, ambazo ni chache kwa mwezi, boti ndiyo inayosogea: wageni hupandia ngazi ya upande wa ndani, na ncha ya nje inabaki kwa wavuvi. Usiku gati hufungwa, ila kwa watu ambao mlinzi anawajua kwa majina.

Pamoja na saa, upande. Hili lilisaidia kuliko kibao chochote. Kwetu maji yakijaa mkondo huingia kuelekea Amu mjini, yaani mji wa Lamu. Yakitoka hurudi kuelekea Shela na bahari kuu. Mvuvi akikaa upande ambao mkondo unauchukua uzi wake mbali na boti, hata akikwama hakwami kwako. Akikaa upande wa pili, uzi utapita chini ya boti upende usipende. Kwa hiyo mvuvi huhama upande maji yanapogeuka. Wazee walikuwa wakifanya hivyo bila kuambiwa. Ni sisi wa injini tuliokuwa hatuelewi kwa nini wanahama wakatuzibia ngazi.

Upande wa boti una wajibu wake, na hapa nawasema wenzangu. Inua injini kila unapofunga. Pangaboi lililo juu ya maji halishiki uzi wa mtu. Ningefanya hivyo kila siku huenda gia yangu ingepona. Ingia polepole, piga honi mapema, mpe mtu muda wa kukunja mshipi badala ya kumkatia. Chungulia shafti kila Ijumaa kabla ya kuoga kwenda msikitini. Ni dakika tano. Upande wa mshipi: chambo kikatwe juu ya kibao chake, si juu ya mbao za gati, uzi uliokatika na ndoana kuukuu ziende kwenye kopo lililofungwa nguzoni, asikae mtu nyuma ya boti. Kopo lile halikugharimu kitu, lilikuwa la maziwa ya unga, na mpaka leo sijaona ndoana nyingine kati ya mbao.

Mkataba wetu uliandikwa ukurasa mmoja, nakala ikawekwa kwa kamati ya BMU. Vikundi hivi vipo kisheria tangu kanuni za mwaka 2007, vina daftari la wanachama, na mwenyekiti akimwita mtu, mtu huja. Hiyo ni nguvu ambayo mlinzi wako hana.

Udhaifu upo. Zamu inahitaji mtu wa kuitunza. Msimamizi akibadilishwa, mpya huja na kufuli mkononi. Siku za Maulidi, mji ukijaa wageni, gati hupata wavuvi wasiojua upande wala kopo, na itabidi mtu asimame pale awaeleze kwa upole. Kama nyumba yako hukaa tupu miezi sita bila mtu mwenye akili ya ufuo, zamu itageuka fujo. Hapo chukua boya.

Jioni moja ya bamvua

Weka njia tatu pamoja saa kumi na moja jioni, maji yakipanda, wageni wanane wakisubiri na wavuvi watano wakitaka kolekole.

Gati lililofungwa: wageni wanapanda kwa utulivu, kisha nahodha anatoka akikwepa mitumbwi mitatu isiyo na taa, na akirudi giza limeingia. Boya: wavuvi wameenea gati zima, wageni wanapita katikati yao dakika kumi, mmoja anauliza bei ya samaki, na baharia ameshalowana kwa kuileta boti. Zamu: honi inapigwa, mishipi miwili ya ndani inakunjwa, mitatu ya ncha ya nje inaendelea, boti inaondoka. Ikiwa mtu wa kupiga honi yupo.

Ushauri wangu, basi. Petroli gatini, au nyumba yenye hofu ya kweli ya usiku: funga usiku tu, si mchana. Boti ya nadra: boya. Boti ya kazi ya kila siku na ufuo wenye watu wanaojuana: zamu, bila kusita. Kufunga mchana na usiku nisingemshauri mtu yeyote ninayemtakia mema.

Na wewe mvuvi uliyekataliwa gati, usikate uzi wa mwenye boti kwa hasira. Nenda kwa kamati, sema siku na maji yalivyokuwa, omba upande badala ya kuomba gati zima. Ukiomba upande utapewa haraka zaidi kuliko unavyodhani.

Pale kwetu, saa za maji zinaandikwa kwenye ubao mdogo chini ya paa la gati. Anayeandika ni yule mzee aliyeambiwa "Ami, hapa hapavuliwi tena." Hana haja ya jedwali, hutazama mwezi, akahesabu kwa vidole, akaandika kwa mkaa. Mlinzi kijana ndiye anayemshikia taa.